Basi la usiku Kampala–Juba: gari liko sawa, tatizo ni njia

Wakuu mliouliza kama basi la usiku la Juba linafaa, nimelipanda tena wiki iliyopita, kampuni sitaitaja. Siti zinalala vizuri, ila pa kuchajia simu hapafanyi kazi na tuliondoka Kampala tumechelewa masaa mawili bila mtu kutuambia kitu. Dereva nampa tano kwa tano, hakushindana na mtu hata malori yalipombana.

Ila kilichonifanya niandike ni ile lami. Nimule pale mpakani na Uganda mpaka Juba ni kilomita 192, Wamarekani ndo walijenga kupitia USAID, shirika lao la misaada, ikafunguliwa 2012, mwaka mmoja baada ya Sudan Kusini kupata uhuru, na iligharimu zaidi ya dola milioni 200. Nyanya, vitunguu, unga, saruji, vipuri vya boda ninavyouza mimi pale soko la Konyo Konyo, Juba, vyote vinapita hapo. Kwangu huo ndo msaada ambao mama wa sokoni anaushika kwa mkono, semina za hotelini hazijawahi kumshushia bei ya kitu.

Sasa nani anaziba mashimo? Mfadhili alijenga akaiachia serikali, Desemba 2013 vita vikaanza, lami ikaanza kuliwa pembeni, na USAID yenyewe ilishafungwa 2025. Wa kuziba haonekani ila wa kutoza wapo kila mahali. Safari hii tulisimamishwa mara sita, kila mara konda anashuka na noti, na hizo noti ziko ndani ya nauli yako na ndani ya bei ya nyanya. Hata UN hawaponi, 2024 malori yao ya mafuta yalikwama kwa ajili ya ushuru mpya, WFP, shirika lao la chakula, wakasimamisha kudondosha chakula kwa ndege, na waliolala njaa sio waliotoza. Wafadhili walitakiwa waulize mapema, kabla ya greda kushuka, pesa inayokusanywa barabarani inaingia mfuko gani na nani ataihesabu. Daraja la Wajapani pale Juba, lile la 2022, ni zuri mno na naliogopea hivohivo.

Basi nyota 3, lami nyota 5 japo inachoka, vizuizi sitoi hata moja. Mkisafiri bebeni pauni ndogondogo na kadi ya homa ya manjano, na kaeni mbele, nyuma mashimo yanaumiza mgongo.