Kigeuzi cha itifaki kinachosahau jina lake

Mwanzoni nilikisifu kigeuzi hiki kwa kila fundi aliyeniuliza. Kiwanda chetu cha kubangua korosho hapa Mtwara kina matanuri ya kukaushia ambayo vidhibiti vyake vya joto huwasiliana kwa Modbus TCP, ilhali PLC, yaani kompyuta inayoongoza mtambo mzima, hutumia PROFINET. Itifaki hizo, yaani lugha ambazo mashine huwasiliana kwazo, hupita katika kebo ileile ya Etheneti bila kuelewana, kwa hiyo tulihitaji mkalimani, na ukalimani wenyewe kifaa hiki kiliufanya vizuri.

Kisha umeme ukakatika usiku, katikati ya msimu, na uliporudi PLC haikukiona tena.

Katika Modbus TCP, kifaa hufuatwa kwa anwani yake ya IP, kwenye poti 502, kikaulizwa rejista zake, yaani nafasi za kumbukumbu zinazobeba vipimo kama joto, kwa namba. PROFINET huanza kwa jina: PLC huliita mtandaoni, kifaa chenye jina hilo huitika, ndipo kinapopangiwa anwani. Jina likifutika hakuna wa kuitika, hata kama kebo ni nzima na taa za swichi zinawaka. Upande wa Modbus uliendelea kuyauliza matanuri joto lake kana kwamba hakuna kilichotokea, huku PLC ikiwa imesimamisha mikanda na korosho zikiendelea kukaa kwenye moto. Zile tulizotarajia kuziuza kama nzima nyeupe za daraja la W320 zilitoka zimebabuka, na mnunuzi hazitazami mara mbili.

Nilimpigia simu mtaalamu wa muuzaji, Dar es Salaam, nikamsalimu kwa heshima na kumweleza yote. Alinijibu, "Mzee, kifaa hiki kinafungwa hata Ulaya na hakuna anayelalamika. Umeme wenu wa huko kusini ndio mbovu." Nikamwambia kwamba PROFINET inaruhusu jina liandikwe kwa muda au kwa kudumu, kwamba letu liliandikwa kwa kudumu, na kwamba jina la kudumu halina budi kubaki hata umeme ukikatika. Akakata simu ningali nazungumza. Nimefanya kazi ya umeme wa viwandani tangu kijana huyo hajaanza shule, na sijawahi kudharauliwa namna ile kwa sababu ya mahali ninapoishi.

Nilitaka kuamini kwamba ni kipande chetu tu kilichokuwa na kasoro, na kwamba bidhaa yenyewe ni nzuri. Meneja wetu alipoingilia kati tukaletewa kingine, nacho kikasahau jina vilevile umeme ulipokatika. Kwa hiyo sifa zote nilizozitoa nazifuta: kifaa kinachohitaji fundi aamke usiku kukipa jina upya hakifai kiwandani, hata kiwe hodari wa kutafsiri kiasi gani. Anayekusudia kukinunua akipe jina mbele ya muuzaji, achomoe waya wa umeme, aurudishe, kisha akague kama jina lingalipo kabla hajatoa fedha yake.