Vitamini B kompleksi: kidonge sina ugomvi nacho, ugomvi wangu uko kaunta

Nianze kabisa kwa kusema B kompleksi yenyewe sina tatizo nayo, au niseme sikuwa na tatizo nayo, maana kuna siku nakaa nasema hela yangu imeenda na maji, halafu kesho yake naona hapana bwana, imenisaidia. Tutafika huko. Kwanza nimalizane na yule kaka wa kaunta aliyeniuzia kopo bovu.

Mimi ni mtu wa sukari, metformini nameza miaka sasa. Mwaka jana hivi, au mwishoni mwa mwaka juzi sikumbuki vizuri, pembe za mdomo zikaanza kupasuka, nikipiga mwayo zinachanika, chai ya moto siwezi, ndimu ndo usiseme. Na nyayo zinakufa ganzi, usiku zinachomachoma mpaka shuka linaniudhi. Kliniki daktari akanielewesha vizuri, na huyu namsifu, kwamba ganzi ya mgonjwa wa sukari inaweza kuwa sukari yenyewe imeshaharibu mishipa ya fahamu, lakini pia inaweza kuwa B12 imeshuka, kwa sababu metformini ukiitumia muda mrefu inafanya mwili ushindwe kuinyonya B12 vizuri kutoka kwenye chakula, na kwa vile ini linaweka akiba ya miaka, inapungua polepole wala hujui. Akaandika kipimo, kipimo pale hakuna, kafanye nje. Basi wakati najikusanya hela ya kipimo akasema anza B kompleksi kila siku, ila soma lebo uhakikishe B12 imo, maana vile vidogo vya kuhesabiwa kwenye kibahasha mara nyingi vina B1, B2, B6 na nikotinamaidi, yaani B3, B12 hamna. Nilishangaa. Miaka yote nameza vile vya kibahasha najua nimemaliza B zote.

Ndo nikaenda famasi moja kubwa mjini, ya vioo na kiyoyozi, jina sitaji, anayejijua anajijua. Nikachukua kopo la nje, elfu thelathini na kitu, B12 imeandikwa kwa maandishi makubwa, nikasema leo nimenunua kitu cha maana.

Nafika nyumbani nafungua, ile karatasi ya fedha chini ya kifuniko imelegea upande mmoja. Nikamimina kiganjani, hakidondoki kitu. Natikisa, likatoka bonge, vidonge vitatu vinne vimeshikana, rangi ya chungwa inahamia vidoleni, vingine vina madoa ya kahawia. Na kile kifuko cha kunyonya unyevu ukikibonyeza unasikia kimelowa ndani. Tarehe ya mwisho bado kabisa. Harufu sitaki kuisingizia, B kompleksi inanuka tu hata ikiwa nzima, aliyewahi kuitumia anajua, lakini hii ilikuwa imezidi, nilifunika kopo nikanawa mikono.

Kesho yake nikarudi, risiti ya EFD mkononi, sijaenda kwa shari hata kidogo. Nimemkuta kijana yuko kaunta na simu, hata karibu hakuna. Shikamoo mjini humu nilishaacha kuitegemea, ila karibu jamani? Nikamwambia, "Mdogo wangu samahani, hizi nilichukua hapa jana, zimegandana."

Akalichukua kopo. Hakusoma kitu, hakuuliza kitu. Akaligonga kwenye kaunta ko ko ko, akalitikisa, akaligonga tena, akafungua akanisogezea, "Si hizo hapo anti, zimeachana."

Zimeachana! Yaani hilo ndo suluhisho. Mpaka leo nikiwa napika nikilikumbuka lile ko ko ko mwiko unanichezea mkononi. Mtu amevaa koti jeupe, amesimama chini ya vyeti vilivyowekwa fremu, anatibu dawa iliyoingia maji kwa kuigonga kwenye meza.

Nikamwambia tatizo siyo kushikana, tatizo ni unyevu umeingia. Akasema, "Anti, vitamini haziharibiki, ni chakula tu." Sasa mimi siyo mfamasia ila hata mimi najua B1 haipendi joto na unyevu, B2 haipendi mwanga, na ndo maana makopo mengi ni yale ya giza na ndani mnaweka kifuko, kama haziharibiki kifuko cha nini? Cha urembo? Halafu hata kingekuwa chakula, kwani chakula hakichachi? Nikauliza mfamasia mwenyewe yuko wapi, katoka. Anarudi saa ngapi, hajui. Nikasema sawa nasubiri.

Hapo ndo akanimaliza. Foleni nyuma yangu imejaa, akapandisha sauti kila mtu asikie: "Anti, kunenepa kunataka subira, hizi siyo za siku moja, wenzako wanameza mwezi mzima ndo shepu inakuja!"

Watu wakacheka. Kuna mzee wa kanzu alikuwa anasubiri dawa zake kwa heshima zake zote, naye akainama kuangalia huko nyuma kama kuna maendeleo.

Jamani mimi ni kilo tisini na kitu. Shepu ninayo tangu sijaolewa, sikuifuata famasi. Na kilichoniuma siyo utani, utani wa mjini tumeuzoea, kilichoniuma ni kwamba nimekuja na ganzi ya miguu nimeondoka na jina la mtafuta makalio, kisa tu nimeshika kopo la B.

Ila nakiri hakulitoa hewani. Kule ninakouza vitenge wasichana wanapeana hizi B kompleksi kwa ajili ya hipsi, tena wanachanganya na kile kidonge cha aleji kinachomfanya mtu asinzie na ale hovyo. Ukiwauliza wanasema B ndo imewanenepesha. B haina kalori ya kukunenepesha wewe, ni kile kidonge cha aleji kinafungua njaa halafu unakula sahani mbili unaenda kulala, sasa utaacha kunenepa? Na wanaouziwa hivyo wanauziwa na nani, si hao hao wa kaunta, bila kuulizwa unaendesha gari, una mimba, una nini. Kwa hiyo yeye kuniona mimi ni mmoja wao, ni sawa na muuza gongo kumcheka mlevi... haya ngoja nisitoke nje ya mada.

Mfamasia hakurudi. Kuna karatasi imebandikwa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", akanionyesha kwa kalamu, hata mdomo hakufungua. Nikachukua kopo langu nikaondoka. Shoga yangu ananiambia nipeleke malalamiko Baraza la Famasi, hao ndo wanasimamia maduka ya dawa, picha nimeshapiga zote, na nitapeleka, hasira yangu siyo ya soda.

Kopo la pili nimenunua duka dogo la mtaani kwetu, ambalo ukipita wala huligeukii. Yule dada pale kabla hajanipa aliniuliza natumia dawa gani nyingine. Swali moja tu hilo, nikataka kumkumbatia. Akageuza kopo akanisomea B6, akasema hii kipimo chake ni cha kawaida lakini usije ukachukua zile zenye B6 nyingi sana ukameza mwaka mzima kwa sababu unaumwa ganzi, B6 ikizidi kwa muda mrefu nayo inaleta ganzi. Hebu fikiria, unatibu ganzi kwa kitu kinacholeta ganzi, na wewe unaongeza dozi tu! Akasema pia nikienda kupima damu niwaambie maabara, bayotini, nayo ni B mojawapo humo kwenye kopo, ikiwa nyingi inaweza kuvuruga baadhi ya majibu, ya tezi ya shingo kwa mfano. Nimeze asubuhi nikishakula. Bei nafuu kuliko kule kwenye vioo.

Sasa matokeo, maana najua ndo mnayataka. Siku ya kwanza mkojo ulitoka njano kama jezi ya Yanga, nilipiga kelele chooni, mume wangu akaja mbio. Ni B2 hiyo, ya ziada inatoka na mkojo, haina madhara, ila jueni kabisa sehemu ya hela yenu mnaikojoa. Mdomo ulipona haraka, hilo siwezi kubisha, pembe zilifunga na ndimu nimerudia. Nguvu? Sijaona nguvu yoyote mimi. Anayekwambia B inaongeza nguvu muulize kama alikuwa amepungukiwa, kama hukupungukiwa huongezewi kitu.

Ganzi ndo sijui niseme nini. Kipimo nilikuja kufanya, B12 kweli ilikuwa chini, daktari akaniweka kwenye sindano za B12, na sindano zilivyoanza ndo nyayo zikaanza kutulia. Hazijaisha, zimetulia. Kwa hiyo kopo limefanya nini hapo? Labda kitu, labda hakuna. Na kipindi hicho hicho nilirudia dagaa na maini mara kwa mara na sembe nikaacha nikala dona, kwa hiyo hata ule mdomo nikisema ni kidonge peke yake nitakuwa nadanganya.

Nilitaka nitoe nyota nne. Nikiweka dagaa kwenye hesabu naona tatu. Kwa mtu anayekula mayai, samaki na maharage yake vizuri na hana dawa anayotumia ya kudumu ningesema acha, hela hiyo nunua maini. Lakini mimi naendelea kumeza, daktari kasema niendelee, na mdomo wangu naupenda.

Yule wa vioo nyota hana, na atakayekuja kuniambia "labda alikuwa amechoka siku hiyo" naomba apite kimya kimya. Mkinunua kopo, fungueni hapo hapo kaunta mbele yake, karatasi ya fedha muitoe mkiwa mnamuangalia, mmimine kiganjani. Likitoka bonge, msimpe nafasi ya kuligonga.