Hambaka ya shingoni nimeifunga paraleli, koili spliti nimeachana nayo

Wadau wa magitaa, hii ni kwa wale wenye gitaa la hambaka (pikapu ya koili mbili, yaani kile kinasa sauti kinachokaa chini ya nyuzi) wanaotaka sauti nyembamba lakini hela ya gitaa la pili haipo. Na kabla mtu hajauliza, pikapu ninayoiongelea ni ya gitaa, siyo ya kubebea mchanga.

Mi napiga second solo kwenye bendi ya wikiendi hapa Dar, Ijumaa na Jumamosi tupo baa Sinza, Jumapili asubuhi nipo kanisani, na gitaa ni hilohilo moja, kopi ya Les Paul (gitaa la Gibson) isiyo na jina la maana ambayo pikapu ya shingoni nimeshaing'oa nikaweka Seymour Duncan '59 yenye nyaya nne. Kwa gitaa la kuchangamka na distoshen (sauti ya kukwaruza), safi kabisa sina neno. Shida inaanza tukiingia kwenye nyimbo za zamani za dansi, zile za Msondo na Sikinde, pale solo na second solo zinasukana na kila noti inatakiwa isikike peke yake kama mtu anagonga kijiko kwenye glasi. Hambaka ya shingoni pale inatoa uji. Uji mtamu, lakini uji.

Ushauri unaopewa na kila mtu ni mmoja tu, "weka koili spliti". Basi nikaweka. Unanunua poti (kile kinachozungushwa na nob ya volyumu au toni) ya pushi-pulu, ile ukiivuta juu inakuwa na swichi chini yake yenye miguu sita, unaifunga badala ya poti ya toni, ukivuta koili moja inazimwa na gitaa linabaki na koili moja kama Stratocaster, lile gitaa la Fender. Mwanzoni nilifurahi kama mtoto. Nyumbani usiku, ampu ndogo, sauti inameta, nikasema kumbe nilikuwa nateseka bure.

Baa sasa. Pale kuna friji tatu za bia, tyubu laiti ndefu juu ya kaunta, na ethi ya lile jengo sijui kama ipo. Nikavuta ile nob kabla hatujaanza, ampu ikaanza "mmmmmmm" kama lori limepaki mlangoni linasubiri mzigo. Ukipiga haisikiki sana, ila wimbo ukiisha, au mwimbaji akiwa anaongea na watu, ule mvumo unabaki peke yake ukumbini. Wiki ya pili muhudumu akaja kabisa akaniambia kaka, spika yako inachemsha nini? Nilichoka.

Na ukifikiria vizuri ni jambo la kujitakia. Seth Lover wa Gibson alitengeneza hambaka mwaka 1955 kwa ajili ya tatizo hilohilo, koili mbili, moja imegeuzwa umeme na sumaku yake imegeuzwa pia, kwa hiyo mvumo unaoingia kutoka kwenye nyaya za jengo unajiua wenyewe wakati sauti ya nyuzi inajumlika. Sasa wewe umelipia koili mbili halafu unazima moja, umerudisha ugonjwa uliokwishatibiwa! Juu ya hapo sauti inashuka, maana nusu ya pikapu haifanyi kazi, mpiga kinanda anakuzidi mpaka uinue ampu, na ukiinua ampu mvumo nao unapanda.

Kuna njia ya katikati niliipitia kwa haraka, badala ya kuizima koili ya pili kabisa unaweka risista ndogo (kile kidude cha kuzuia umeme) pale inapokwenda kwenye ethi ili ibaki inafanya kazi kidogo. Kampuni ya magitaa ya PRS wanaitumia kwenye baadhi ya magitaa yao. Nikaweka ya kilo-omu 2.2 na mwili wa sauti ukarudi kidogo, mvumo ukapungua kidogo, na hilo neno "kidogo" ndo tatizo lake. Kama unapiga sehemu yenye umeme msafi, au unarekodi chumbani, usiipuuze, ni nzuri kuliko spliti yenyewe. Kwa Sinza haikunitosha.

Paraleli ndo iliyonimalizia shida. Kwa kawaida koili mbili za hambaka zimefuatana, umeme unapita hii kisha ile, hiyo ndo siriesi. Paraleli unaziweka sambamba, kila moja inaenda yenyewe mpaka kwenye jeki. Koili zote mbili zinafanya kazi kwa hiyo mvumo unaendelea kujiua, ila pikapu inakuwa nyepesi, trebo inafunguka na ile nyama ya katikati inapungua. Ukitaka kuhakikisha imefungwa sawa chomeka waya kwenye jeki, volyumu mpaka mwisho, pima ncha ya pili ya waya na mita ya umeme: yangu inasoma kama kilo-omu saba na nusu kwenye siriesi, kwenye spliti ilikuwa nusu ya hiyo, kwenye paraleli inasoma karibu kilo mbili, yaani robo. Ikisoma tofauti sana na hapo usifunge kifuniko.

Mi mita nilikuja kuikumbuka baadaye. Nilimpelekea fundi mmoja wa redio, mkono wake wa kulehemu ni mzuri kuliko wangu, nikamwachia nikaenda kazini. Narudi naona kazi inang'aa, nachomeka, navuta nob, gitaa likalia kama mbu ndani ya kopo na mvumo mkubwa kuliko hata wa spliti. Tukakaa tunaangaliana. Kumbe kwenye Seymour Duncan waya mwekundu na mweupe zinakuja zimeunganishwa pamoja, ndo kiungo cha siriesi, na yeye akaona hizi ni ndugu haziachani, akazipeleka zote ethi, mweusi na kijani akazipeleka kwenye volyumu. Hapo koili moja inavuta huku nyingine inasukuma, nyuzi zinajiua zenyewe halafu mvumo ndo unajumlika, kinyume kabisa cha kazi ya hambaka. Kwenye paraleli mweusi anaenda na mwekundu kwenye moto (upande wa volyumu), mweupe na kijani na ule waya mtupu wanaenda ethi. Akabadilisha pale pale kwa dakika tano na hakunitoza tena, tukanywa soda. Ila kama yako ni DiMarzio, kampuni nyingine ya pikapu, usinakili rangi hizi maana wao wana mpangilio wao, kwao moto ni mwekundu.

Wiki hiyo baa: nikavuta nob, kimya. Nikamwangalia muhudumu, hakuniangalia hata.

Je, inalia kama Strat? Hapana, na atakayekuambia hivyo anakuuzia poti. Haina ule ukali wa kidole kugusa uzi, iko laini zaidi, na sauti inashuka kama spliti ilivyoshuka. Mi kushuka huko nimekugeuza faida, ampu naiseti kwa paraleli, nikipewa nafasi ya kupiga solo nabonyeza nob chini, siriesi inarudi, sauti inapanda na kunenepa bila kukanyaga pedali yoyote. Kwenye distoshen nzito paraleli inakuwa legelege, sijaona haja yake.

Kabla hujatoa hela angalia vitu viwili. Pikapu yako itoke na nyaya nne, kama inatoka na waya mmoja na ule msuko wa chuma tu, haigeuziki bila kuifungua yenyewe, ndo maana ya brijini (ile ya upande nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa) kwangu nimeiacha. Na poti ya pushi-pulu ni ndefu, pima kina cha shimo la nyuma kwanza, magitaa membamba kifuniko kinagoma kufunga. Ukiwa unataka siriesi, spliti na paraleli zote kwenye pikapu moja itabidi utafute swichi ndogo ya hatua tatu na utoboe mbao, mi gitaa langu sitoboi.

Poti nayo ina fundo lake. Mhimili wa hii niliyopata una meno madogo kuliko nob zangu za zamani, nob ikawa inazunguka tu yenyewe, na ukiivuta katikati ya wimbo inabaki mkononi kama kizibo. Nimezungushia selotepu mizunguko miwili, inashika.