Tanuri la mezani la kupashia sampuli za bangi: skrini yasema hivi, trei yasema vile

Tanuri hili limetengenezwa kwa ajili ya maabara zenye kibali cha kupima bangi, na kazi yake ni moja: kuipasha sampuli joto hadi asidi ya THCA, iliyomo katika bangi mbichi, ipoteze kundi la kaboksili (sehemu ya molekuli inayotoka kama kaboni dioksidi) na kubaki THC, kemikali inayolevya. Kazi hiyo ndiyo inayofichua ubora wa tanuri, kwa kuwa mmenyuko huu una nishati ya uamshaji (nishati inayohitajika ili mmenyuko uanze) ya takriban kilojuli 85 kwa moli. Kwa hiyo, ukiwa karibu na nyuzi 110 za Selsiasi, joto likipanda kwa nyuzi 10 tu, kasi yake hukaribia maradufu.

Hapo ndipo liliponiangusha. Skrini ilisoma 110 bila kutikisika, lakini kipimajoto nilichokilaza kwenye trei yenyewe kilionyesha 117 karibu na feni na 106 upande wa mlango. Kwa tofauti hiyo, sampuli zilizosagwa pamoja na kuingizwa pamoja hutoka haziko sawa: ya mlangoni bado ina asidi, ilhali ya karibu na feni imekwisha kuiva na THC yake imeanza kuoksidika kuwa CBN, kemikali inayotokana na kuharibika kwa THC.

Muuzaji hulisifia mno tundu la hewa, akidai kwamba huharakisha mmenyuko. Si kweli. Kaboni dioksidi inayotoka huongeza entropia (kipimo cha mtawanyiko), na katika joto hilo mmenyuko haurudi nyuma, tundu liwepo lisiwepo. Faida yake halisi ni kutoa unyevu.

Mizani iliyomo ndani, ya kufuatilia mmenyuko kwa uzito unaopotea, ni wazo zuri lililoelezwa vibaya. Moli moja ya THCA ina gramu 358.5 na hupoteza gramu 44 za kaboni dioksidi, yaani asilimia 12.3, na ndiyo maana maabara huzidisha THCA kwa 0.877 zinapokokotoa jumla ya THC. Hata hivyo, sampuli yenye asidi asilimia 20 haiwezi kupungua kwa njia hiyo zaidi ya asilimia 2.5 hivi ya uzito wake, kiasi ambacho unyevu na terpeni (mafuta ya harufu yanayovukizwa) hukifunika kwa urahisi ikiwa haikukaushwa kwanza.

Ningelinunua kwa trei moja tu, ikae katikati. Matokeo yake yahakikiwe kwa kromatografia (mbinu ya kutenganisha na kupima kemikali) ya kimiminika, kwa sababu ile ya gesi huipasha sampuli wakati wa kuidunga, ikaimalizia asidi iliyobaki na kulipa tanuri sifa ya kazi lisiyoifanya.