Hita ya gesi isiyo na bomba la moshi: fundi aliziba matundu ya hewa chumbani kwa mama mkwe wangu

Fundi akija kwako kufunga hita ya gesi huku ameshika tyubu ya silikoni, mrudishe getini. Nimekaa na hasira hii tangu baridi ilipoanza kukaza, na kila nikidhani imepoa napita kwenye kile chumba, naziona zile alama nyeupe kwenye tofali za matundu juu ya dirisha, inapanda upya.

Tunakaa Ilboru. Anayeijua Arusha anaujua mwezi wa saba wa huku: mlima umejifunika siku nzima, nguo hazikauki, na usiku sakafu ya vigae huwezi kuikanyaga bila viatu. Mama mkwe wangu amekuja kukaa nasi kutoka Moshi mjini, mji ambao haufiki hata mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mwili wake umezoea joto la kule. Miguu inamuuma. Aliomba awekewe jiko la mkaa chumbani, tukakataa katakata, kwa sababu hakuna msimu wa baridi unaopita bila kusikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa na hawakuamka. Mume wangu akaenda duka moja mjini akanunua hita ya gesi, ile ya kufungwa ukutani, isiyo na bomba la kutolea moshi nje. Dukani wakampa na fundi wao.

Hita yenyewe niisifie, maana haki ni haki. Inawaka mara moja, haitoi masizi, na umeme ukikatika yenyewe inaendelea. Chumba kilipata joto kabla chai haijachemka. Usiku wa kwanza mama alivua soksi mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu afike. Ningeandika siku ile, ningeipa nyota zote tano na kuwaambia wote wenye wazee nyumbani waikimbilie.

Sasa huyo fundi.

Aliingia, akampita mama aliyekaa kitandani bila hata shikamoo, akaanza kuburuza mtungi. Mtungi wa kilo 15 akauweka ndani, nyuma ya kitanda. Mpira wa gesi akaupitisha chini ya zulia. Kisha akapanda kwenye stuli, akaanza kuziba tofali za matundu moja baada ya nyingine kwa silikoni. Nikamuuliza, fundi, hiyo hewa itapita wapi? Akanijibu bila kugeuka: "Hii haina moshi, mama. Ukiacha matundu unapasha joto mlima."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike, kwa sababu nimekuja kugundua si yeye peke yake anayeyasema. Watu wengi wanaamini kwamba hita isiyo na bomba haihitaji hewa. Ni kinyume kabisa. Hita yenye bomba inatupa uchafu wake nje. Hii isiyo na bomba, kila inachokichoma kinabaki chumbani pamoja nawe: hewa ya ukaa, mvuke wa maji, na moto usipopata hewa ya kutosha, kaboni monoksaidi, ile gesi isiyo na rangi wala harufu inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hayo ndiyo joto linakuja nayo. Ndiyo maana matundu ni sehemu ya mashine hii sawa na mtungi wake.

Na kuhusu mvuke, niwaeleze mliowahi kuona ukuta unatoa jasho. Kilo moja ya gesi ikiungua huzaa maji kama lita moja na nusu. Hita hii ya BTU 20,000 (BTU ni kipimo cha joto inalotoa kwa saa) ikiwaka kwa nguvu zote kwa saa tatu inakula zaidi ya kilo moja, kwa hiyo ni kama umemwaga lita mbili za maji hewani kwenye chumba kilichozibwa. Asubuhi dirisha la alumini lilikuwa linachuruzika, mto wa mama una unyevunyevu, na baada ya muda mfupi kona ya dari ya jipsamu ikaanza kuota ukungu mweusi. Nyumba zetu za zamani zilikuwa na matundu juu ya kila dirisha, na madirisha ya mbao yasiyobana, hewa inaingia hata usipoitaka. Siku hizi tunajenga kwa alumini na jipsamu, kila kitu kimekaza, halafu tunaingiza moto ndani.

Mama akaanza kuumwa kichwa. Usiku kinamgonga, anasikia kichefuchefu, mchana akikaa nje kwenye jua na majirani kinaisha. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Na hita nayo ikaanza vituko: inawaka vizuri, kisha katikati ya usiku inazima yenyewe. Unaiwasha, inakaa kidogo, inazima. Nikampigia fundi. "Bonyeza tena, mama, shikilia kidogo." Nikabonyeza, ikazima. Nikampigia tena. "Labda gesi inaisha." Mtungi ulikuwa mzito.

Kumbe ile kuzima ndiyo ilikuwa inatuokoa. Hita hizi zina kimoto kidogo cha pembeni kinachowaka muda wote, na kimepangwa hivi: hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21, ikishuka chumbani hadi kama 18, kimoto hicho kinapoteza nguvu, kinaachana na kijiti cha chuma kilicho mbele yake, kijiti kinapoa, na vali inafunga gesi. Kwa hiyo mashine ilikuwa inatuambia, usiku baada ya usiku, chumba hiki kimeishiwa hewa. Na kifaa hicho kinapima oksijeni tu. Kaboni monoksaidi hakiijui. Kwa hiyo hata hita isiyozima haijakuhakikishia kwamba uko salama.

Fundi akaja, hatimaye, baada ya mume wangu kumpigia kwa sauti nyingine. Akafungua kifuniko, akachungulia, akacheka.

"Mama, kinachosumbua ni hiki kasensa hapa. Nikikaunga moja kwa moja haizimi tena mpaka asubuhi."

Nikamuuliza, "Hako kasensa kazi yake nini?"

"Usumbufu tu. Wazungu wanaogopa kila kitu."

"Kijana wangu, humu analala mtu mzima."

Akanigeukia, bisibisi mkononi. "Mama, fundi ni wewe au mimi? Unasoma sana mitandaoni. Ungekuwa unajua, ungefunga mwenyewe."

Mimi nilikosa la kusema kwa sababu ya hasira. Mama mkwe wangu ndiye aliyesema, kwa utulivu kabisa, kutoka kitandani: "Baba, tangu ulipoingia mara ya kwanza hujanisalimia. Leo unataka kuniwashia moto usiozima. Toka chumbani kwangu."

Akatoka. Getini alikuwa bado anadai nauli ya bodaboda.

Naomba mnielewe. Siwachukii mafundi. Ujeuri wa mtu nauzoea, mjini unakutana nao kila siku. Ila mtu anayetaka kukata kifaa cha usalama chumbani kwa bibi wa miaka zaidi ya 80, ili simu zake zisisumbuliwe, huyo hana kazi ya kufanya kwenye nyumba za watu, na duka linalomtuma linajua linachofanya. Usiku huo hita haikuwashwa. Tulifungua dirisha, tukambadilishia mama blanketi na chupa ya maji moto miguuni. Kichwa hakikumuuma.

Jirani akatuletea mzee mmoja wa Moshono ambaye amefunga gesi kwenye majiko ya hoteli kwa miaka mingi. Alisalimia, akakaa, akamuuliza mama anajisikiaje, halafu ndipo akatazama hita. Kwanza alifunga gesi, akafungua dirisha na mlango. Akachanganya sabuni na maji kwenye kikombe, akapaka kwenye maungio yote. Pale mpira ulipoingia kwenye hita, pasipofungwa klipu, sabuni ikaanza kutoa mapovu. Chini ya zulia! Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutambaa sakafuni, inajaa mahali pa chini kama chini ya kitanda, inasubiri cheche. Kitanda cha mama kilikuwa hatua moja kutoka hapo.

Mzee alisema mambo matatu bila kuzungukazunguka. Hita ya BTU 20,000 haiwekwi chumba cha kulala hata kidogo: kwa kanuni za Marekani, hita hizi zinakotumika sana, chumba cha kulala mwisho ni 10,000, na bafuni 6,000. Kuna majimbo huko, kama California, ambayo yamezikataza kabisa majumbani. Halafu akatupigia hesabu: kila BTU 1,000 inataka futi za ujazo 50 za chumba. Chumba cha mama ni futi kumi kwa kumi, dari futi tisa, yaani 900. Hita yetu ilitaka 1,000, na hapo ni kabla ya kuziba matundu. Na la tatu, mtungi ukae nje, kivulini, umesimama wima, na gesi iingie kwa bomba la shaba ukutani, si mpira chini ya zulia.

Akaihamishia hita sebuleni, ambako ni kukubwa zaidi ya mara mbili na kunafunguka hadi sehemu ya kulia chakula. Akatoboa matundu mawili kwenye ukuta wa nje: moja juu, ndani ya inchi 12 kutoka dari, lingine chini, ndani ya inchi 12 kutoka sakafuni, yote yamewekwa wavu wa kuzuia panya. La chini linaingiza hewa mpya na gesi ikivuja inapata pa kutokea, la juu linatoa joto chafu na mvuke. Silikoni ya yule mwingine aliikwangua kwa kisu. Akaning'iniza kengele ya kaboni monoksaidi karibu na mlango wa chumba cha mama, ambayo mume wangu aliinunua kwa bei iliyomuuma, na mimi nasema ndiyo pesa nzuri kuliko zote tulizotumia kwenye jambo hili.

Tangu hapo hita haikuzima ovyo. Tukawa tunaiwasha jioni, familia yote sebuleni, mama kwenye kiti chake, na kabla ya kulala tunafunga gesi kwenye mtungi. Dirisha kavu. Hapo hasira ilikuwa imeanza kushuka, na nilikuwa nimeshaanza kusema kwamba basi, mashine ni nzuri, tatizo lilikuwa mtu. Nyota nne.

Halafu mzee akarudi kuangalia kazi yake, akaomba kijitabu cha maelekezo. Kilikuwa bado kwenye boksi, kwenye mfuko wa nailoni. Akavaa miwani, akafungua, akanionyesha kwa kidole mstari mmoja: isitumike mahali palipo juu zaidi ya futi 4,500 kutoka usawa wa bahari. Hiyo ni kama mita 1,370. Arusha mjini penyewe ni karibu mita 1,400, na sisi wa Ilboru tumepanda zaidi, tumeegemea mlima. Huku juu hewa ni nyepesi, moto unapata oksijeni kidogo kwa kila pumzi, na kile kimoto cha pembeni kimepimwa kwa hewa ya chini. Moshi wangeweza kuiwasha. Sisi hapana.

Yaani duka liko Arusha, linauzia watu wa Arusha, hita ambayo kijitabu chake chenyewe kinasema isiwashwe Arusha! Na wanauza nyingi, nimeziona zimepangwa dirishani kipindi hiki cha baridi. Nilikwenda nikiwa na boksi, kijitabu na risiti. Kijana wa kaunta aliusoma ule mstari mara mbili, akaenda ndani, akarudi na jibu la bosi: mali ikishatoka dukani hairudi. Nikaomba basi waziondoe zile za dirishani, au waandike onyo. Akaniambia niandike barua.

Kwa hiyo zile nyota nne nazifuta. Joto lake nalikumbuka, na mama analiulizia kila jioni, jambo linaloniuma kuliko ujeuri wa fundi. Kwa mtu wa Moshi mjini, mwenye sebule kubwa, matundu mawili, mtungi nje, kengele ukutani na fundi anayepaka sabuni kwenye maungio, inawezekana nikamwambia anunue, ila asome kijitabu kabla ya kulipa. Kwa mtu wa Arusha, nyota moja, na hiyo ni kwa ajili ya kasensa. Hita yetu imeng'olewa, iko stoo. Barua nimeandika, nakala nimeipeleka Tume ya Ushindani. Hela yangu bado naidai, na risiti ninayo.