Waifai ya nyumbani inasumbua? Nunua nini kwanza, nini mwisho

Intaneti ya nyumbani ikianza kukatakata wengi wanakimbilia ruta mpya, wanaifunga, na shida inabaki palepale, na inauma kwa kweli maana hela imeshatoka. Hapa nimepanga vitu ambavyo watu hununua kutibu mtandao wa nyumbani, kuanzia kile ninachokiamini zaidi mpaka kile cha mwisho kabisa, ila kabla hujalipa chochote pima kwanza, dakika chache tu, manake mara nyingi unakuta hakuna hata cha kununua.

Zima ruta, subiri kama nusu dakika, washa. Bado? Chukua kompyuta uichomeke kwenye ruta kwa waya wa mtandao (Ethernet). Kama hata kwa waya inasuasua, mara nyingi tatizo liko kwenye ruta yenyewe au kwenye laini ya kampuni inayokupa huduma, wapigie hao kwanza. Kama kwa waya inakimbia vizuri na kwa waifai ndo inakufa, basi shida ni mawimbi humo ndani ya nyumba. Halafu kuna kipimo cha ping, yaani kompyuta inatuma ujumbe mfupi na kuhesabu muda wa jibu kurudi, nakipenda sana kwa sababu hakidanganyi: kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig uone anwani ya ruta kwenye mstari wa Default Gateway, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kisha andika ping na anwani hiyo, ukitaka iendelee bila kusimama ongeza -t mwishoni. Kwa waya jibu linarudi kwa milisekunde 1 au chini ya hapo, kwa waifai nzuri ni milisekunde chache tu, lakini ukiona 3, 4, 250, 3, halafu hakuna jibu, halafu 600, hapo kompyuta na ruta hawasikilizani na kampuni ya intaneti haihusiki kabisa. Ruta ikijibu safi, jaribu ping 8.8.8.8, hiyo ni anwani ya Google huko nje kwenye intaneti. Hiyo nayo ikijibu lakini tovuti hazifunguki, mara nyingi ni DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, nenda kwenye setingi za DNS weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1, bure, hununui kitu. Na kama kompyuta inaonyesha anwani inayoanza na 169.254 ujue haijapewa anwani na ruta, hapo angalia waya, zima uwashe, usikimbilie dukani.

Sasa twende kwenye manunuzi.

Namba 1 ni waya. Najua watu hawapendi kusikia hivi, lakini kwa kompyuta ya mezani, TV au mashine ya gemu isiyohamahama hakuna kitu kinachoshinda waya, na ndo kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha hii. Waya huu una madaraja: Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde mpaka mita 100, kwa nyumba ya kawaida inatosha kabisa. Cat6 ni nzuri zaidi, inaweza kubeba gigabiti 10 kwa umbali wa mita 55 hivi, chukua hiyo kama unapitisha ukutani na hutaki kurudia kazi. Juu ya Cat6 usijisumbue. Soma maandishi yaliyochapishwa kwenye ganda la waya, ukikuta CCA achana nao, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, inakatika kirahisi na haifiki mbali kama shaba tupu. Angalia pia kale kaulimi ka plastiki kwenye plagi, kakivunjika plagi inalegea kwenye tundu na mtandao unakatika kila mtu akigusa meza, na watu wanalaumu ruta wiki nzima. Kitu kingine, spidi ya gigabiti inahitaji nyaya zote 8 za ndani, ila Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde) inahitaji 4 tu, kwa hiyo waya wenye jeraha dogo hauachi kufanya kazi, unashuka kimyakimya mpaka Mbps 100. Kama unalipia zaidi ya hapo na vipimo vinagota kwenye 90 na kitu kila siku, badilisha waya kwanza, ikiendelea hivyohivyo angalia matundu ya ruta.

Namba 2, adapta ya waifai kwa kompyuta, kile kifaa cha kuchomeka USB kinachokamata waifai. Hii naiweka juu ya ruta makusudi. Kama simu iliyo palepale kwenye kompyuta inapata intaneti safi na kompyuta haipati, ruta haina kosa, mgonjwa ni kompyuta. Chagua adapta yenye masafa yote mawili, 2.4 na 5 GHz, yenye antena inayoonekana, vile vidogo kama ncha ya kidole vina antena ndogo mno. Kama kompyuta ni ya mezani usiichomeke nyuma ya kasha la chuma lililosogezwa ukutani, tumia waya mfupi wa USB uitoe hewani, na iweke mbali na hard diski ya nje ya USB 3.0 kwa sababu USB 3.0 inatoa kelele inayovuruga 2.4 GHz.

Namba 3 ndo ruta mpya. Kabla ya kununua hamisha uliyonayo, itoe nyuma ya TV au ndani ya kabati, iweke juu, katikati ya nyumba, mbali na maikrowevu ambayo nayo inatumia 2.4 GHz. Kama majirani ni wengi ingia kwenye setingi za ruta weka chaneli (njia ndogo ndani ya masafa) ya 2.4 GHz iwe 1, 6 au 11, hizo tatu ndo haziingiliani. Bado mbovu, au ruta ni ya enzi za Wi-Fi 4 (kizazi cha zamani cha waifai, namba ikipanda ni kipya zaidi)? Haya nunua. Usidanganyike na namba kubwa kwenye boksi: AC1200 ni Mbps 300 ya 2.4 GHz jumlisha 867 ya 5 GHz, AX3000 ni 574 na 2402, wamejumlisha masafa mawili na kupandisha kidogo ipate namba nzima, wakati simu yako kwa kawaida inatumia moja kwa wakati mmoja, na hata hiyo moja haifiki pale. Cha kuangalia ni kwamba ni Wi-Fi 6, matundu yote ni ya gigabiti (nyingine za bei rahisi zina Mbps 100 tu na hawaandiki kwa herufi kubwa), ina WPA3 (ulinzi wa kisasa wa waifai), na mtengenezaji bado anatoa masasisho ya usalama. Na kumbuka laptopu ya Wi-Fi 5 itabaki Wi-Fi 5 hata ukinunua ruta ya kisasa namna gani. Uliza pia kama kifaa cha kampuni ya intaneti ni modemu (inayopokea laini yao) na ruta kwa pamoja, ukiongeza ruta nyingine nyuma yake bila kuzima kazi ya ruta kwenye ile ya kwanza unapata ruta mbili zinazofuatana, kila moja inagawa anwani zake, gemu na kamera za ulinzi zinaanza kusumbua.

Namba 4, mesh, yaani vipande kadhaa vya waifai vinavyofanya kazi pamoja kama mtandao mmoja. Hii ni kwa nyumba kubwa, ghorofa, au kuta nene za zege ambazo 5 GHz haipenyi. Vipande 2 vinatosha wengi, watu wananunua 3 na vinaanza kupigana mawimbi vyenyewe. Kipande cha pili usikiweke kwenye chumba kisicho na mtandao, kiweke njiani, pale ambapo mawimbi bado ni mazuri. Ukiweza kuviunganisha kwa waya ndo inakuwa tamu kweli, ila kama waya unafika huko access point moja tu (kifaa cha kurusha waifai kinachounganishwa na ruta kwa waya) ingekutosha na ungeokoa hela.

Namba 5, powerline, vile vinavyopitisha data kwenye nyaya za umeme. Inategemea nyaya za nyumba, kwa mmoja inakwenda vizuri, kwa mwingine aibu. Chomeka moja kwa moja ukutani, siyo kwenye ekstensheni, na nunua pale tu wanapokubali kurudishiwa.

Namba 6, ripita, kile kifaa kinachopokea waifai ya ruta na kuirusha tena mbele. Hii ndo watu wananunua kwanza na mimi naiweka mwisho. Ripita ya kawaida inapokea na kurusha kwenye masafa yaleyale kwa hiyo spidi inashuka karibu nusu, na ukiiweka kwenye chumba chenye mawimbi mabovu inachofanya ni kurudia ubovu uleule, simu inaonyesha waifai imejaa na hakuna kinachofunguka. Kwa printa au kamera moja ya mlangoni inafaa, hizo hazili data nyingi, ila kwa mtu anayefanya mikutano ya video kutwa nzima, hapana, rudi namba 1 au namba 4.