Kompresa ya lita 50 na Corolla 110 nyeupe: uzoefu wangu wa kupuliza rangi nyumbani

Kama unafikiria kununua kompresa ndogo ya lita 50, yenye nguvu ya farasi 2, ili upulize rangi gari lako nyumbani, jibu langu ni hili: nunua, lakini hesabu kazi yako kwa mlango mmoja mmoja. Muuzaji atakuambia inatosha gari zima. Inatosha kweli, ila kwa vipande, na paa ukiliacha.

Gari lenyewe ni Corolla 110, jeupe, lililolala juani Dar miaka mingi mpaka ukipitisha kidole paani kinatoka na unga. Fundi rangi alinitajia bei ya kupiga gari zima, nikapiga hesabu nikaona kwa hela ile napata kompresa, bunduki ya kupulizia rangi, rangi yenyewe, misasa na barakoa ya maana, na vyombo vinabaki kuwa vyangu. Weupe nao ulinipa moyo. Ukifungua boneti la Toyota kuna kibamba chenye maandishi C/TR. Namba ya rangi ya langu ni 040, weupe wa kawaida usio na chembe za kumetameta. Mchanganya rangi ukimpa namba hiyo hakuulizi la pili. Na kwa kuwa rangi haikubadilika, hakukuwa na haja ya kwenda TRA, mamlaka ya mapato, kurekebisha kadi ya gari.

Kabla ya kupuliza kuna msasa, na msasa ndiyo kazi. Kwenye kutu nilianza na namba 80 hadi bati likang'aa, nikajaza puti, nikashuka 180, kisha 320. Jicho hapa linadanganya sana. Funga macho, pitisha kiganja taratibu kwa urefu wa mlango: utasikia bonde ambalo ukilitazama hulioni, na rangi ikishakauka kila mpita njia ataliona. Baada ya praima nikasugua kwa 600 na maji, nikafuta kwa dawa ya kutoa mafuta. Hatua hiyo ya kufuta watu wengi huiruka, halafu wanashangaa rangi imefanya matobo ya macho ya samaki. Mara nyingi ni grisi, au silikoni ya ile dawa ya kung'arishia dashibodi.

Sasa kompresa. Ikijaa inasoma baa 8 za presha. Nilifunga bunduki ya tundu la milimita 1.4, nikaweka baa 2 kwenye mshikio. Mlango unaisha vizuri kabisa, mshale bado uko juu na mota ndiyo kwanza inaanza kunguruma. Boneti ndipo ilipoanza kunitoa jasho: nikifika upande wa pili upepo umeshuka, matone yanakuwa makubwa, na rangi inaanza kukaa kama ganda la chungwa. Dawa yake ni subira. Maliza mpigo, achia, acha mota ijaze tangi, ndipo urudi, maana rangi yenyewe inataka dakika kumi hadi kumi na tano kabla ya koti linalofuata. Paa sikulipuliza nayo. Nilikodi kompresa kubwa kwa ajili ya paa peke yake, kwa sababu pale katikati huna kona ya kufichia maungio.

Kitu nilichokichukia ni kichujio cha maji kilichokuja kwenye boksi la bunduki. Ni pambo. Hewa ya Dar ina unyevu, kompresa inaikamua, na maji yanasafiri na mpira moja kwa moja hadi kwenye rangi. Nilinunua kichujio kingine, nikaongeza mpira ukafika mita kumi ili hewa ipoe njiani, na kichujio nikakifunga karibu na bunduki badala ya kwenye tangi, kwa kuwa hewa ya moto inapita na maji yake kama mvuke. Kila nikipumzika nafungua koki ya chini ya tangi. Yanayotoka pale ni maji ya kahawia, kikombe kizima, na ukiyaona hutasahau tena kuyatoa.

Nilipuliza asubuhi jua likishapanda, kabla ya upepo wa alasiri kuanza kupeperusha vumbi, na sakafu nikaimwagia maji kwanza. Jioni usijaribu: taa inaita wadudu, na mdudu akishatua kwenye rangi mbichi mwache akauke, utamtoa kwa msasa.

Kuhusu rangi, nilitumia ya 2K, inayochanganywa na hadina, dawa ya kuifanya ikauke iwe ngumu. Vipimo viko kwenye kopo na vinatofautiana kwa kila kiwanda, kwa hiyo usifuate vya jirani. Ikikauka ni ngumu, petroli ikimwagika haikwanguki. Lakini hadina yake ina aisosayaneti, sumu inayoweza kukuachia pumu ya maisha, na huwezi kutegemea pua ikuonye. Barakoa ya kitambaa haifanyi lolote. Niliyovaa ni ya mpira yenye makopo mawili ya kuchuja mvuke wa kemikali na chembe, na ndevu nilinyoa ili ishike usoni. Mafundi wa nchi za nje wanavaa hata zenye mpira wa kuleta hewa safi. Watoto waliondolewa nyumbani siku nzima, na hapa sikubali mjadala wa "mafundi wetu mbona hawavai".

Matokeo? Ukisimama hatua tatu huwezi kujua halikwenda gereji. Ukikaribia, boneti lina ganda la chungwa kidogo, sehemu kubwa niliimaliza kwa msasa wa maji 1500, kisha 2000, halafu dawa ya kung'arishia. Kompresa naipa nne kwa tano, bunduki tatu, kichujio chake sifuri.

Kama gari lako ni la silva au rangi yoyote yenye chembe, peleka kwa fundi. Silva inataka klia, koti la juu linaloonyesha kama kioo, na chembe zikilala tofauti kati ya mlango na fenda, kila kipande kitaonekana kimetoka kwenye gari jingine.